Siku Niliyoziba Njia ya Jeneza

Kuna aibu ambazo mtu akizihadithia mara mbili tatu zinageuka kichekesho, watu wanacheka na yeye anacheka nao. Hii yangu nimejaribu, haigeuki. Nnakuhadithieni nyinyi kwa sababu hamkuwapo Muscat siku zile, na kwa sababu najua iko siku Asya, binti wa mjomba wangu, atakuhadithieni, naye ataiacha nusu kwa kunionea huruma, na huruma yake ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nafanya kazi katika ofisi ya kampuni moja kule Madinat Sultan Qaboos, na kampuni ikaleta mpango wa magari. Unachagua gari mpya, kampuni inakukodia kwa wakala, kodi inakatwa kwenye mshahara wako kabla hujauona, na baada ya miaka mitatu unairudisha ilikotoka. Yaani haiwi yako hata siku moja. Mume wangu aliniuliza, "Sasa unakatwa mshahara kwa kitu cha watu?" nikamwambia nyinyi hamyajui mambo ya ofisini (na mimi mwenyewe nilikuwa siyajui, nilichokijua ni rangi tu, nyeupe inayong'ara kama lulu). Mkataba ulikuwa na masharti yake, usiipitishe mchangani, usiikwaruze, kila kioo kikivunjika ni juu yako, nami nikatia saini huku nainusa harufu ya viti vipya kana kwamba ni udi.

Mama yangu, tuliyekuwa tukikaa naye Ghubra, akiiita gari ya umeme, kwa kuwa kila kitu chake kilikuwa cha kubonyeza, vioo, milango, hata viti. Akipenda kukaa nyuma. Hakuwahi kuisifu wala kuiponda, akipanda na akishuka, basi.

Mama alikuwa na ndugu mmoja tu aliyebaki, Mjomba Seif, kaka yake mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufa wangali Unguja, ndiye aliyemuoza, ndiye aliyemleta Oman na sisi wanawe tungali wadogo. Alikuwa akikaa Hail karibu na pwani, kwenye nyumba ya zamani ndani ya kichochoro cha mchanga. Aliugua kwa muda, na asubuhi moja ya joto kali simu ikaja kwamba amefariki na watamzika adhuhuri.

Kaka yangu Khalfan alifika mlangoni kwetu mapema na pikapu yake. Mama alishavaa, amekaa kitako kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani.

"Mama, twende," akasema Khalfan.

Hapo ndipo nilipoingilia kati. "Mama ana magoti, pikapu yako hawezi kuipanda. Tangulia wewe, mimi ntamchukua, gari yangu ina baridi."

Khalfan akanitazama. "Usichelewe."

"Sichelewi."

Magoti ya mama yalikuwa kweli mabovu, sikusema uongo. Lakini pia nilitaka watu wa Hail waione ile gari (nnasema sasa, wakati ule nisingekubali hata kwa kiapo). Na nilichelewa. Nilibadilisha abaya, nikatafuta miwani ya jua, miwani ya jua msibani, jamani, na mama muda wote yupo pale kwenye kiti. Njiani alizungumza mara moja tu. "Nnataka nimuone uso kabla hawajamfunika. Basi, sina jengine."

Tulipofika Hail lami ilikwishia msikitini, na magari yote ya watu yamesimamishwa pale, wanakwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa mjomba, si mbali lakini jua lilikuwa la kuchoma. Masharti nilikuwa nayakumbuka. Nikasema moyoni mchanga wenyewe umeshindiliwa, magari yanapita kila siku, na mama hataweza kutembea, nikaingia kichochoroni. Nikafika karibu kabisa na mlango wa nyumba, pale njia inapokuwa nyembamba baina ya kuta mbili, na gari ikazama.

Nikakanyaga mafuta. Ikazidi kuzama. Wanaume waliokuwa barazani wakaja kusukuma, wote wamevaa kanzu nyeupe, tayari kwa sala, nami kwa kutaka kuonesha kwamba najua, nikakanyaga tena kwa nguvu, magurudumu yakawarushia mchanga vifuani na nyusoni. Hakuna aliyenitukana. Mmoja akapangusa ndevu, akaja dirishani akasema kwa upole, "Dada, zima. Shuka tuutoe mchanga kwa mikono."

Na mbele yangu, ndani ya kichochoro, ilikuwapo pikapu iliyosubiri kumpeleka mjomba msikitini. Ilikuwa haina njia nyengine ya kutokea. Njia ilikuwa mimi.

Nikapandisha kioo, nikazima, nikashuka na ufunguo mkononi, na kidole kikafanya kile kinachofanya kila siku nikishuka mbele ya ofisi, kikabonyeza. Milango ikajifunga. Gari ile ukiifunga kwa rimoti haifunguki hata kwa ndani, na mama yangu yumo kiti cha nyuma. Ndani ya nyumba sauti za wanaume zikapanda, wanatoa shahada, kumbe wameshamfunika na wanamtoa. Mama akasikia. Akauvuta mkono wa mlango, na gari ikaanza kupiga kelele.

Nyinyi mnaijua ile kelele ya king'ora cha gari. Sasa itieni katikati ya shahada ya maiti, baina ya kuta mbili. Watoto wakaziba masikio. Nikabonyeza, nikakosea, nikabonyeza tena, mikono imelowa jasho, ufunguo ukaniponyoka ukaangukia karibu na gurudumu, mahali hasa ambapo watu walikuwa wanachimba, na mchanga wa mikono yao ukaufunika. Nikapiga magoti natafuta, wote tukapiga magoti. Hauonekani.

Jeneza likatoka mlangoni. Wakaitazama gari, wakaitazama pikapu nyuma yao, na mzee mmoja akasema, "Mchukueni mabegani, mpitisheni ubavuni." Wakajipanga, wakapita mmoja mmoja kwa ubavu baina ya gari na ukuta, jeneza limenyanyuliwa juu ya boneti, linayumba, na mbele kabisa Khalfan, bega lake limelibeba, macho yake kwangu. Mama alikuwa amegeuka upande ule. Alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo. Shuka la kijani likapita mbele ya uso wake, karibu sana, na kioo kiko katikati. Hakulia wala hakugonga. Alikuwa anatoka jasho, mtandio umemganda kwenye paji la uso, na ndipo nilipotambua kwamba mle ndani hakuna tena baridi.

Khalfan akampa mtu mwengine nafasi yake, akarudi, akaokota jiwe. "Vunja," akasema mtu.

Na mimi nikasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kwa kuwa king'ora kilikuwa kimenyamaza wakati ule ule, "Ngojeni kidogo, gari si yangu."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Yaani najua, yalitoka kwenye ule mkataba, lakini sijui yalipitaje mpaka kinywani, na mama yangu anakosa pumzi mbele ya macho yangu. Khalfan hata hakunitazama. Akakipiga kioo cha mlango wa mbele mara moja, kikamwagika chote, na hewa ikaingia.

Ufunguo aliuona Asya. Baba yake ndiye anayekwenda kuzikwa, na yeye badala ya kukaa ndani na wenzake akilia, alikuwa kwenye mchanga, anauchambua kwa vidole kama anayechagua mchele. Akautia mkononi mwangu. Nilipomfungulia mama, wanaume walishafika mwisho wa kichochoro, na wanawake kwetu hawafuati makaburini. Mama akasimama, kamshika Asya begani, anatazama kule mpaka wakapinda. Kisha akaingia ndani, akaomba aoneshwe kitanda alichokuwa akilala kaka yake, akakaa juu yake mpaka usiku.

Siku zote tatu za msiba nilikuwa jikoni naosha vikombe, nisionekane. Niliporudi naye nyumbani (kwa pikapu ya Khalfan, magoti yalipanda vizuri tu), nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akavua viatu kwanza, akavipanga. Akasema, "Alipita karibu. Nilimtilia mkono kiooni." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananifariji au alikuwa ananambia kitu chengine, na sikuthubutu kumuuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Gari nilitaka kuirudisha wiki ile ile. Bwana wa ofisi ya wafanyakazi akanieleza kwa adabu kwamba hairudishwi kabla ya muda wake. Kioo kikatiwa kipya, kikakatwa kwenye mshahara pamoja na kodi, na nikaiendesha miaka iliyobaki, kila asubuhi peke yangu, mchanga wa Hail unachuruzika kwenye nyufa za viti hata nikiusafisha vipi. Mama hakuipanda tena. Hakukataa, alikuwa tu kila nikimwambia twende, ameshamwambia Khalfan.

Basi mimi nimeapa, na kiapo changu ni kidogo. Nikimpakia mtu mzima garini, siteremki peke yangu. Nnazunguka, nnamfungulia mlango, nnampa mkono, nnangoja mpaka miguu yake yote miwili iko chini. Wanangu wanasema nna adabu za zamani, nami nawaacha waseme hivyo.