Mabinti Tisa Waliopikiwa Sombe

Mabinti wale walinifikia pamoja na sambusa. Nilikuwa nimemsindikiza mama hospitali, Ruharo, kutazamwa macho, na tulipokuwa tukingoja gari la kuturudisha kambini Nakivale nikanunua sambusa mbili kwa mzee Mwislamu aliyekuwa akiuza kando ya barabara. Alikuwa akizifunga kwa kurasa za vitabu vya shule vilivyochakaa. Mimi nina ugonjwa wa kusoma chochote, hata karatasi yenye mafuta, kwa hiyo nilipomaliza kula nikalamba vidole, nikasoma.

Ukurasa ulisema kwamba Wayunani wa zamani hawakuamini kuwa wimbo hutoka kichwani mwa mtu. Waliamini unaletwa na mabinti tisa wa mungu wao mkuu, wakaao mlimani, walioitwa Muza. Kila mmoja na kazi yake: huyu wa ngoma, huyu wa historia, huyu wa nyota, huyu wa kuliza watu, huyu wa kuwachekesha. Mmoja alikuwa wa nyimbo takatifu. Huyo nilimpenda papo hapo, maana alinipunguzia dhambi. Tatizo ni kwamba ukurasa uliishia pale pale ulipoanza kueleza namna ya kuwaita. Nikarudi mbio kwa mzee kumwomba unaofuata.

"Banange, nyabo," akashangaa, "hiyo ingine nimefungia afande, sasa hivi tu. Amekwenda nayo Kamukuzi. Wewe nunua sambusa ingine, pengine utapata."

Nikanunua nyingine mbili. Nikapata hesabu za sehemu.

Lazima niseme kwa nini niliwahitaji wageni hao. Kule kwetu Kivu ya Kusini mama alikuwa mtunzi, na korali nzima ilikula kwa jasho lake. Tangu tuvuke mpaka hakuimba tena. Kanisani alikaa, akasikiliza, akarudi nyumbani. Kwa hiyo korali yetu, pale karibu na Base Camp, iliamua kwamba kipaji kimeshuka kwangu kama sufuria ya urithi. Walinisubiri miaka miwili. Sikuleta hata kiitikio. Mwishowe prezida wa korali, mzee mwenye sauti nzito na subira nyepesi, akatangaza kwamba nisipoleta wimbo kabla ya Pasaka, nafasi yangu atapewa dada mmoja aliyekwisha kutunga nyimbo tatu, zote kwa sauti ile ile moja. Niliumia. Nilitaka wimbo wangu uimbwe kuliko nilivyotaka kuolewa.

Basi nikawaita mabinti. Kwa kuwa afande alikuwa na maelezo yote, niliwaita kwa adabu za kwetu. Nikiwa shambani napalilia maharage, kwanza nilimwomba Mungu, nikamweleza kwamba hawa ni majirani tu, asikasirike. Halafu nikawasalimia tisa wote, nikawauliza habari za mama yao, nikawawekea karanga juu ya jiwe. Karanga zililiwa na ndege. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya nne, jembe likiwa juu, sauti ya wimbo ikanijia nzima, haina ufa. Nikatia maneno ya kumsifu Mungu, beti mbili, nikalia hapo hapo katikati ya mstari. Nasema wazi: niliwahisi. Shamba lile lilikuwa na watu.

Sasa, kwetu wimbo hauimbwi kabla aliyeuleta hajasimama mbele ya kamati kueleza ulitoka wapi. Walio wengi hupewa usingizini. Lakini kama umepewa na mtu, mtu huyo lazima aje, aketishwe mkekani, alishwe, aseme mbele ya wote kwamba ameutoa. Asipokuja, wimbo ni wa wizi na wewe ni mwizi.

Mimi nilikuwa nimetayarisha ndoto nzuri sana, yenye mwanga. Bahati mbaya waliotangulia siku hiyo walikuwa watano, na wote walikuwa wameota. Ilipofika zamu yangu prezida alikuwa amechoka.

"Kila mutu analota," akasema. "Mu hii korali munalalaka tu? Na wewe ulilota?"

"Hapana, papa," nikajibu kwa kiburi. "Nilipewa na mabinti tisa."

"Babinti ba nani?"

"Ba muzee moja mukubwa sana."

"Banasali wapi?"

"Ku mulima."

"Beko na mabwana?"

Nikafikiri kidogo. Ukurasa haukutaja mume. "Hapana."

"Bote tisa?"

"Bote."

Mama mmoja wa kamati akashika shavu. "Masikini. Beko bakimbizi kama sisi?"

Nikafikiria mahekalu yao yaliyobomoka na watu walioacha kuwaita. "Ndiyo, mama. Habana tena fasi."

Sikuwa nimesema uongo hata mmoja, na hilo ndilo lililoniponza. Kamati iliguswa. Wasichana tisa, wakimbizi, hawajaolewa, wanasali mlimani! Prezida akapiga meza. "Bakuye siku ya Mungu. Tutabapikia."

Jumamosi nzima mama alitwanga sombe, majani ya mihogo. Wanawake wengine walileta mihogo na kuku wawili, lakini majani yale alitwanga yeye. Alikuwa amesikia wimbo wangu nikiuimba nyumbani, akageukia ukuta. Kila alipoinua mchi alinitazama, na mimi nikajitia kutafuta chumvi.

Jumapili baada ya ibada mkeka ulitandikwa, sahani tisa zikapangwa. Korali ikasimama kuwapokea wageni. Tulingoja. Sombe ikapoa. Prezida akaangalia barabara, akaniangalia mimi, na yule dada wa nyimbo tatu akaanza kutabasamu. Nilifungua mdomo kuungama habari za sambusa.

Mama alinitangulia. Alinawa mikono bila haraka, akaketi kwenye sahani ya kwanza, akamega ugali, akachovya, akala. Kanisa zima likamtazama akitafuna.

"Habatakuya," akasema. "Ile wimbo ni yangu. Mama yangu alikuwa anaiimbaka ku shamba, na mimi niliimbia huyu akiwa mu mugongo. Mutoto hakuiba. Alisahau tu nani alimupa."

Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo nilitamani kucheka. Karanga zangu zote zile!

"Mwenye wimbo anaiimba," prezida akasema, kwa sababu ndiyo sheria.

Mama akasimama. Beti mbili alizipitia kwa maneno ya zamani, ya palizi na mvua. Halafu akatuambia, "Iko ingine. Nikiita jina, muitike: nakuya, mama." Ulikuwa ubeti wa tatu, ambao mimi sikuwa nao, ubeti wa mama anayewaita watoto wake kutoka shambani waje kula. Kila mama hutia majina ya wake.

Akaita la kwanza. Akaita la pili. Yalikuwa majina ya ndugu zangu wawili, ambayo nyumbani kwetu hayakuwa yametajwa tangu tuvuke mpaka bila wenyewe. Korali haikujua ni ya nani, ikaitika kwa nguvu, sauti zote: nakuya, mama. Jina la tatu lilikuwa langu. Niliitika, halafu nikaenda kuketi kwenye sahani iliyofuata ya kwake.