Siku Mashine ya Mama Ilipopata Wifi

Enzi zetu pale Bunda, msimu wa pamba uliingia mpaka puani. Wa rika langu mnakumbuka. Malori yalipita yamejaa marobota, nyuzi nyeupe zikapeperuka na kunasa kwenye michongoma, nasi watoto tukaziokota kutengenezea mipira, tukizivingirisha kwa mifuko ya nailoni na kamba ya katani. Mpira ule ukilowa mvua ulikuwa mzito kama jiwe, na aliyepigwa nao kichwani hakurudi uwanjani siku hiyo. Tukitoka shule tulichimba viazi, tukavichoma kwa majani makavu na kuvila na udongo wake. Jioni nyumbani kulikuwa na ugali wa mtama na muhogo, na furu, visamaki vya ziwani waliokaushwa juani, wachungu kidogo karibu na kichwa. Watoto wangu leo nikiwawekea furu wananitazama kana kwamba nimewapakulia misumari.

Mama yangu alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba. Baba alikuwa mtu wa shamba na ng'ombe, na alifariki tukiwa bado wadogo, kwa hiyo mama ndiye aliyetulea: kaka Magesa, mimi Mafuru, na mdogo wetu wa mwisho, Nyangeta. Ofisi ile ilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa kila mmoja achague kitu cha kuondoka nacho. Wengine walichukua meza, wengine makabati ya chuma. Mama akachagua kompyuta aliyokuwa akiifanyia kazi.

Ilikuja nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe, imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Mtaa mzima ulitoka kuangalia. Jirani mmoja akasema, "Mama Magesa ameacha kabati zuri, amebeba televisheni isiyoonyesha mpira!" Watu wakacheka sana. Mama naye akacheka, kisha akaagiza tusogeze makochi.

Sebule yetu ikawa darasa. Wasichana wa mtaani waliomaliza la saba bila kuchaguliwa walikuja mchana, wakaketi kwa zamu mbele ya kile kioo cheusi chenye kisogo kirefu, na mama akawafunika mikono kwa kanga ili wasione vitufe. "Usiangalie," alikuwa akisema. "Vidole vina macho yake." Nasi watatu tulijifunza pembeni. Ukikosea herufi moja, alikurudisha mwanzo wa mstari, kwa sababu, kwa maneno yake, neno lililokosewa ni kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja. Wasichana wale baadaye walipata kazi Musoma, Tarime, Mwanza. Wengine ni bibi sasa, na wakipita Bunda hawapiti bila kugonga mlango wetu.

Na mama aliongea, jamani. Sokoni alisikika kabla hajaonekana. Alisalimia kila mtu kwa jina lake na la mama yake, aliuliza habari za mbuzi aliyeumwa wiki iliyopita, na akisimama na mtu njiani, sisi tuliotumwa pamoja naye tulijua kabisa kwamba chumvi itafika nyumbani ugali umeshapoa.

Tukakua, tukaondoka. Kaka Magesa akaenda Dar es Salaam, mimi nikajenga Makoko, Musoma, karibu na ziwa, na Nyangeta akawa mwalimu wa umeme na elektroniki katika chuo cha ufundi hapo hapo Musoma. Kompyuta ikabaki sebuleni Bunda. Haikuwaka tena. Mama aliifunika kwa kitambaa cha kufuma na kuweka juu yake maua ya plastiki. Kila Krismasi kaka alitaka kuitupa, na kila Krismasi mama alimwambia aanze kwanza kutupa suruali zake za zamani.

Kisha kiharusi kikampata.

Alianguka asubuhi akifagia uwanja. Tulipofika hospitali, upande wake wa kulia ulikuwa umelala, na mdomo wake umevutwa kando. Daktari alituita akatueleza kwamba akili ya mama ni nzima, anaelewa kila kitu. Misuli ya ulimi na koo ndiyo iliyoshindwa. Tuliitikia kwa kichwa. Tulisikia, lakini sidhani kama tulielewa. Mtu aliyeongea namna ile akinyamaza, unaanza bila kujua kumfikiria kama mtu aliyeondoka.

Mama mdogo Wegesa, mdogo wake wa tumbo moja, alifunga nyumba yake Buswahili akaja kumuuguza. Huyo ndiye aliyeongea naye kutwa kama zamani, akimjulisha bei ya dagaa na nani kafiwa. Sisi wengine tulimshika mkono, tukamwangalia, tukageuka kuulizana sisi kwa sisi: amekula? Amelala? Anataka nini?

Kalamu haikukaa katika mkono wa kushoto. Kaka Magesa alileta simu kubwa ya kugusa, lakini vidole vya mama vilitetemeka, akigusa herufi moja zinatokea nne, picha zinajifungua zenyewe, mpaka siku moja akaisukuma ikaanguka chini. Nyangeta akaleta laptop yake. Mama akaijaribu, akatikisa kichwa. Vitufe vilikuwa bapa, hakuvisikia. Akainua mkono wake wa kushoto akaonyesha kwenye kona, kwenye yale maua ya plastiki.

"Anataka maua yatolewe vumbi," nikasema.

"Maua gani, baba?" akasema mama mdogo Wegesa. "Huyu anataka mashine yake. Alikuwaga anaisemesha hata ikiwa imezimwa."

Nyangeta aliifungua pale pale sebuleni. Ndani mlikuwa na vumbi la miaka na mende waliokauka. Kijibetri cha kutunza saa kilikuwa kimevuja, akakitoa, akasafisha, akaweka kingine. Akaunganisha umeme kupitia stabilaiza na kutuambia tukae mbali. Mashine ikakohoa, diski yake ikakwaruza kama paka mwenye mafua, halafu kwenye kioo cheusi kikatokea kialama kidogo cheupe, kinawaka na kuzimika, kinasubiri.

Tukamsogeza mama. Akaweka mkono wa kushoto kwenye vitufe, hakuangalia chini. Akapapasa mpaka akapata mahali pake. *Tak. Tak. Tak.* Ilichukua muda mrefu. Aliandika: *Wegesa asante.*

Mama mdogo, ambaye hajui kusoma vizuri, aliniomba nimsomee. Nilipomsomea akatoka nje, akakaa jikoni peke yake.

Lakini maneno yale yaliishia kwenye kioo. Aliyekuwa sebuleni ndiye aliyeyaona, na mimi nilikuwa nimerudi Musoma, kaka Dar. Mama mdogo alijaribu kuyapiga picha kwa simu, zikaja picha za ukungu, nusu kioo nusu kidole gumba. Ndipo Nyangeta akasema anaweza kuipa mashine wifi.

Kaka Magesa, kwenye simu, alicheka. "Hiyo kitu imezaliwa kabla ya intaneti kufika Bunda. Utaipaje wifi? Utaichanja?"

Nyangeta alinieleza mwenyewe nilipokwenda wikiendi. Siku hizi kuna vipande vidogo vya elektroniki, vidogo kuliko biskuti, vyenye wifi yake na akili kidogo ya kompyuta, vinauzwa kwa bei ya kuku. Wanafunzi wake wanavitumia kuwashia taa na pampu. Nyuma ya mashine ya mama kulikuwa na soketi ya pini tisa, ya kuunganishia vifaa vya zamani, na soketi ile huwa inatuma herufi mojamoja, kwa mpangilio. Kazi ya kile kipande ingekuwa kupokea herufi hizo na kuzirusha hewani.

Cha kwanza kiliungua. Kiliungua mbele ya mama, kikatoa uzi wa moshi na harufu ya plastiki, na niliona mama akifumba macho. Nyangeta alikaa sakafuni na waya zake mapajani. Umeme wa ile soketi ya zamani ulikuwa na nguvu kuliko kipande kinavyoweza kubeba. Mama akaandika: *Rudi mwanzo wa mstari.* Nyangeta akacheka huku machozi yanamtoka.

Aliporudi kutoka Musoma alikuwa na kipande kingine, na kibao kidogo cha elektroniki cha kukaa katikati ili kupunguza nguvu ile. Akavilehemu, akavitia kwenye kikopo cha plastiki, akakibandika nyuma ya mashine. Akaandika programu fupi. Mama akimaliza mstari na kubonyeza kitufe kikubwa cha kulia, maneno yake yanapita kwenye rauta ya laini ya simu na kuingia kwenye grupu la familia. Sisi tukijibu, majibu yanatambaa kwenye kioo chake, mstari kwa mstari. Picha haziwezi kufika. Zinafika kama neno *picha*, basi.

Ujumbe wake wa kwanza ulimkuta mtoto wa kaka Magesa ameandika kwenye grupu, "Mambo vp, xaxa bibi anaendeleaje, 2namic sana." Simu zetu zote zikalia. *Bibi anaendelea vizuri. Xaxa ndiyo nini? Andika upya.* Kijana yule, ambaye hamsikilizi baba yake wala mwalimu wake, aliandika upya. Mara mbili.

Ningependa kuishia hapo kwenye kicheko. Lakini kaka Magesa alikuwa ameitisha kikao.

Alikuja kutoka Dar, tukakaa barazani Bunda baada ya chakula cha mchana. Alikuwa na hoja zake na hazikuwa mbaya. Mama mdogo naye amezeeka. Hospitali iko mbali na nyumba. Mama ahamie kwangu Makoko, apate hewa ya ziwa, na nyumba ya Bunda iuzwe. Mimi nilikubali. Tukaanza kugawana vitu kwa mdomo: kitanda kiende wapi, mbuzi wapelekwe Buswahili, nani atafute mteja. Nyangeta alikuwa anatazama chini. Mlango wa sebule ulikuwa wazi nyuma yetu, pazia linapepea.

Simu zikalia, zote kwa pamoja.

*Msinizungumzie kama marehemu. Nawasikia.*

Hakuna aliyenyanyua kichwa. Kutoka ndani tukasikia vitufe, polepole, kisha simu zikalia tena.

*Ingieni ndani.*

Tuliingia kwa mfuatano wa kuzaliwa, kama tulivyokuwa tunaingia tukiwa tumevunja kitu. Mama alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, kanga begani, mkono wa kushoto juu ya vitufe. Kaka Magesa, mtu mzima mwenye wajukuu, akapiga goti.

"Mama, tulidhani Makoko utapumzika."

Akaandika, tukasoma kwenye kioo. *Mlidhani. Hamkuuliza.*

"Sasa nakuuliza, mama. Unataka kuhama?"

*Makoko kuna ziwa. Hapa kuna watu.* Akapumzika, akapumua, akaendelea. *Wasichana wangu wakigonga mlango nani atafungua?*

Kaka Magesa akasogea mpaka kwenye kiti. Akaweka paji la uso kwenye goti la mama, na mama akaacha vitufe, akamwekea mkono kichwani. Mama mdogo Wegesa alileta chai, akaona, akairudisha jikoni.

Nyumba haikuuzwa. Tulimtafutia mama mdogo msaidizi, na Nyangeta anakwenda Bunda kila wikiendi. Mama anaandika asubuhi, kabla joto halijamchosha. Anauliza mvua Musoma. Anauliza Dar wamekula nini. Anatangaza misiba na harusi za Bunda. Juzi alitaka kujua ile alama ya kuuliza inayomfikia kila vijana wanapomjibu kwa sura ya njano ina maana gani. Nyangeta alimweleza kwamba ni uso unaocheka. Akajibu: *Kama wanacheka waandike wamecheka nini.*

Mistari yake imeanza kufupika. Naona. Mkono unachoka, na Nyangeta anasema diski ile haitakwaruza milele, na vifaa vya mashine za namna hiyo havitengenezwi tena. Tunajua kitakachokuja, na kwa sasa hatukisemi.

Enzi zetu mama akiita, sauti ilivuka nyumba tatu, na popote ulipo, hata kama umepanda mti au umejificha na viazi vya watu, uliitika kwanza, halafu ukakimbia, ukafika mbele yake ukihema. Watoto wa siku hizi wanaitwa na simu kutwa nzima. Wanaangalia jina, wanaigeuza simu kifudifudi mezani, wanaendelea na yao. Siwalaumu sana. Wanaitwa na watu wengi mno.

Mimi wiki iliyopita nilikuwa benki Musoma, kwenye foleni, simu ikalia mfukoni kwa ule mlio niliomwekea mama. Kabla sijaitoa nilijisikia nikisema, kwa sauti ya kuvuka nyumba tatu, "Naam, mama!" Foleni nzima ikageuka. Vijana wawili wakacheka. Mzee mmoja nyuma yangu hakucheka. Alinitazama, akasogea kando kidogo kunipisha, akasema, "Nenda kamsikilize."