Kumsomea Baba Mkwe Fumbo la Gazeti

Mwezi wa kwanza wa ndoa yetu mume wangu aliniacha kwa wazazi wake, nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Yeye alikuwa karani kwenye ujenzi wa barabara huko Migori, akilala kambini na wanaume wenzake. "Nikipata chumba nitakuita," aliniambia. Uhuru ulikuwa bado mpya, na mimi nilikuwa nimetoka shule ya bweni ya wamisheni na Kiswahili kizuri na hamu ya kufundisha.

Baba mkwe alikuwa amefanya kazi Mombasa miaka mingi, mkalimani wa mahakama. Alirudi nyumbani na Kiswahili cha pwani na macho yaliyokuwa yakiingia ukungu. Kila Jumamosi mwenye duka mmoja mjini alimtumia gazeti lililoshuka na basi la Kisumu. Habari hakuzitaka, alishazisikia redioni. Alitaka ukurasa wa mwisho, penye fumbo la maneno na viboksi vyake vyeupe na vyeusi.

"Nyara," aliniita, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "njoo unisomee."

Nilisimama mlangoni, maana mke wa mwana haingii tu na kuketi mbele ya baba mkwe. Nikasoma: "Mchana nauvuka, usiku naulalia. Herufi tatu."

"Unasemaje?"

"Daraja?"

"Herufi tatu, umesoma mwenyewe. Tena daraja ungelivuka. Hapa ameandika nauvuka. Mtunzi wa fumbo anaweza kukudanganya kwa maana, lakini sarufi haimruhusu kudanganya."

Nilifikiri kidogo. "Mto! Wa maji, na wa kulalia."

"Sasa umeingia," alisema, na kweli nilikuwa nimeingia.

Nilipenda mchezo ule, sitakataa. Wiki chache baadaye dokezo lilisema: "Lima ukirudi nyuma, utapata utajiri." Baba alihangaika na mashamba, majembe na mavuno mpaka chai ikapoa. Nikamwambia, "Si mtu anayerudi nyuma, Baba. Ni neno lenyewe. Li-ma. Ma-li." Alijipiga paja akacheka hadi kikohozi kikamshika.

Tangu siku hiyo sikuwa na Jumamosi. Fumbo lisipoisha liliingia Jumapili baada ya kanisa, kisha Jumatatu. Nikiwa nasonga ugali niliitwa. Nikitaka kwenda kumwona mama yangu niliambiwa bado maneno ya kushuka. Miguu iliuma kwa kusimama pale mlangoni, uso kivulini na mgongo juani, nikilitazama ziwa kwa mbali kila nilipogeuza shingo.

Kisha dereva wa lori akaleta ujumbe kutoka Migori: chumba kimepatikana, na shule ya karibu inatafuta mwalimu wa darasa la kwanza. Mume wangu akaja mwenyewe kunichukua. Nilikuwa nimeshafunga sanduku. Alikaa na baba yake, nami jikoni nikasikia sauti ya mzee kupitia ukutani.

"Na mimi nitasomewa na nani?"

"Baba, ni mke wangu."

"Nimesema hapana? Nimesema asubiri. Macho yangu yakipata dawa ataenda."

Mume wangu alitoka akiwa ameinamisha kichwa. "Vumilia kidogo," aliniambia. Akapanda basi peke yake. Nikafungua sanduku, nikarudisha nguo kwenye kamba.

Miezi ikapita bila dawa ya macho kutajwa tena. Nilisoma madokezo kama mtu anayetafuna mchanga. Jumamosi moja nikakuta hili: "Fundi nguo anakutilia, hakimu anakupa. Herufi saba." Jibu nililijua kabla sijamaliza kusoma. Sikusema. Baba alilizungusha kutwa, na kesho yake pia, akataja shati, akataja hukumu, akataja faini. Hatimaye akachoka. "Nyara, unalo?"

"Kifungo, Baba."

"Nieleze."

"Fundi anatia kifungo kwenye shati. Hakimu anampa mtu kifungo, anafungiwa ndani. Hata kama hakukosa."

Nilingoja. Baba alifurahi kama mtoto. "Na mimi niliyekalia benchi la mahakama maisha yangu yote! Liandike, liandike." Hakusikia kingine chochote.

Lakini mama mkwe alikuwa kivulini akianika omena, dagaa wa ziwani. Mkono wake ulisimama juu ya mkeka. Jioni aliniuliza, "Lile neno ulimwambia yeye au mimi?"

"Nilisoma gazeti tu, Mama."

Alinitazama. "Alipokuwa Mombasa mimi nilikuwa hapa. Kila likizo aliniambia mwakani nitakuchukua. Ile bahari naisikia kwa watu tu."

Asubuhi alimpelekea mzee uji, akabaki amesimama. "Huyu mtoto anaenda kwa mume wake leo."

"Nani kasema?"

"Mimi. Ukitaka kugombana, gombana na mimi. Yeye ana basi la kuwahi."

Baba aligeuza kiti chake kikatazama ukuta. Nilimuaga mara mbili, hakujibu. Mama alijitwika sanduku langu kichwani mpaka barabarani, akanikataza kulipokea.

Nilifika Migori alasiri kupitia Rongo. Mume wangu alinikuta nimekaa juu ya sanduku mlangoni. "Baba amesemaje?"

"Hajasema kitu."

Akachukua ndoo akaenda mtoni kuteka maji mwenyewe, wanawake wakimtazama.

Nafasi ya ualimu ilikuwa imeshachukuliwa. Chumba kilikuwa kimoja, dirisha moja dogo, na yeye alipelekwa na barabara mbali zaidi kila wiki. Sikumjua mtu. Niliketi ndani nikisikiliza malori mpaka muhula ukaisha, na wa pili ukaanza, ndipo mwalimu mkuu wa shule ile akatuma mtu kuuliza kama bado nataka kazi. Nilitoka na yule yule mtu, bila kubadilisha nguo.