Siku Ishirini na Sita za Pweza

Kwenye ukuta wa kituo cha kuzamia alikofanya kazi kaka yangu, sasa amechorwa pweza mkubwa wa rangi ya chungwa, mwenye kope ndefu na tabasamu. Chini yake pameandikwa kwamba kituo hicho kimekuwa rafiki wa pweza tangu mwanzo. Nilipita hapo mwezi uliopita, nikasoma mara mbili, damu ikanichemka. Pweza hatabasamu. Wala kituo hakikuwa rafiki yake. Rafiki yake alikuwa mtu mmoja tu, na kwa urafiki huo alinyang'anywa kazi aliyoipenda. Kwa kuwa hawakuona haja ya kumtaja, nitamtaja mimi.

Kaka yangu walimwita Taratibu. Jina hilo alipewa na nahodha wa boti yao, kwa sababu ndilo neno la mwisho alilolitamka kabla ya kutia kipumulio mdomoni: "Taratibu, jamani." Viongozi wengine wa wazamiaji walishuka na wageni wao kama watu waliochelewa harusini. Kaka alishuka kama anayeingia chumba chenye mtoto aliyelala, mikono ameikunja kifuani, hagusi kitu. Kiunoni alining'iniza kibao cheupe cha plastiki na kipande cha penseli kilichofungwa kwa uzi, na kila alichokiona alikiandika huko huko chini. Akirudi nyumbani, kabla hata ya kubadili nguo, aliketi kwenye meza ya jikoni na kunakili yote katika daftari la shule, maji ya chumvi yakimdondoka puani juu ya karatasi. Madaftari yale ninayo. Madoa bado yapo.

Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na tisa. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea viumbe wa baharini, nikiishi kwake katika chumba cha nyuma kilichonuka mpira wa suti za kuzamia zilizoanikwa dirishani. Nakikumbuka chumba kile kuliko ukumbi wowote wa mihadhara. Yeye aliishia shule ya msingi, mimi nilikuwa na vitabu vizito. Lakini tulipokutana mezani jioni, mara nyingi mwanafunzi nilikuwa mimi.

Jioni moja aliacha kunakili katikati ya mstari.

"Mdogo wangu, pweza akiacha kula, anaumwa?"

"Umejuaje kama hali?"

"Makombe. Mlangoni kwake hutupa takataka zake, magamba ya kaa, makombe ya chaza. Kila siku huongezeka. Leo siku ya tatu, halijaongezeka hata moja. Na mawe ameyavuta karibu, kama mtu anayefunga mlango kwa ndani."

Nilifungua kitabu nikamsomea. Pweza jike akishataga hujifungia na mayai yake, huyapulizia maji mchana na usiku, na hali chochote mpaka yaanguliwe. Kisha hufa.

Wifi yangu, aliyekuwa akimenya vitunguu, akadakia, "Heri mimi. Mtoto kutoka tu, nikaomba supu." Tulicheka sote isipokuwa kaka.

"Siku ngapi?"

"Kwa maji ya joto kama haya, wiki nne hivi, pengine pungufu. Lakini akitolewa nje, basi tena. Samaki watayamaliza mayai kwa dakika chache."

Aliandika kwa herufi kubwa: SIKU YA TATU.

Kumtoa nje ndiyo iliyokuwa desturi ya kituo kile. Kila kiongozi alipewa kijiti cha chuma. Kazi yake halali ilikuwa kugonga mtungi wa hewa ili wageni wageuke, au kujishikiza mchangani penye mkondo mkali. Lakini meneja mpya alikuwa ametundika ofisini orodha ya viumbe ambao mgeni ni lazima awaone, na pweza alikuwa wa kwanza. Asipotoka kwa hiari, achokolewe. Nimeshuhudia kwa macho yangu: mnyama anageuka mweupe kama karatasi, anatoa wino, na wageni wanapiga picha wakidhani anacheza nao.

Tundu la pweza yule alilijua kaka peke yake. Kwa hiyo akaanza kuwapitisha wageni upande wa pili wa mwamba, akawaonyesha konokono wadogo kuliko ukucha na kamba wanaosafisha midomo ya samaki, na walipouliza habari za pweza aliwajibu, "Siku hizi hapokei wageni."

"Sema kweli, Taratibu," nahodha alimtania. "Umeoa huko chini."

Maneno hayo yalipofika nyumbani, wifi alishika kiuno. "Mwenzangu ana mikono minane. Mimi nina miwili, na mmoja una ufagio. Nitamweza wapi?"

Siku ya kumi na tisa nilikuwa nimempelekea kaka kituoni kibao alichokisahau, nikamkuta amesimama mbele ya meneja, ukutani nyuma yao pana ramani ya mwamba ambayo kaka mwenyewe ndiye aliyeichora.

"Taratibu, wiki mbili na zaidi wageni wangu hawajaona pweza. Amehama?"

"Hajahama, bosi."

"Yuko wapi?"

"Yuko kwake."

Nahodha, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa ili kuficha kicheko.

"Kesho nina kundi la wapiga picha. Utawapeleka, na utamtoa."

"Ana mayai, bosi. Zimebaki siku saba, nane hivi. Baada ya hapo nitakutafutia mwingine."

"Mimi siendeshi wodi ya wazazi. Ama umtoe, ama nionyeshe tundu kwenye ramani, atakwenda mwenzako. La sivyo, huongozi tena mtu hapa."

Kaka aliitazama ramani yake kwa muda. Kisha akakichomoa kijiti na kukilaza mezani bila kukigonga.

"Kijiti hiki hapa. Tundu silijui."

Huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akisema, na aliusema akimkazia mtu macho.

Jioni ile nilikuwa na roho juu. "Watampata tu, kaka. Makombe ya mlangoni yatawaonyesha."

Alikwenda uani akarudi na ndoo. Ndani yake kulikuwa na makombe na magamba ya kaa, yamesuuzwa.

"Niliyatoa jana."

"Umegusa? Wewe?"

"Nimegusa," alisema, kama mtu anayekiri wizi.

Wenzake walitafuta siku tatu, wakapita juu ya tundu lile sijui mara ngapi, wasione kitu. Kaka alikuwa tayari amehamishiwa chumba cha kompresa, mashine ya kushindilia hewa, akijaza mitungi na kufua suti kwenye pipa.

Siku ya ishirini na sita, kabla jua halijapanda, nahodha yule yule wa masihara alituchukua kwa boti bila kuombwa. Tulishuka taratibu. Pweza alikuwa amefifia, ngozi imelegea, lakini bado alikuwa akipuliza. Na kwa kila pumzi yake walitoka watoto wadogo kama punje za mchele, wamenyunyiziwa nukta za kahawia zilizowaka na kuzimika, wakipanda kuelekea kwenye mwanga. Kaka aliandika neno moja kwenye kibao akanigeuzia: WAMETOKA. Nilitaka kufuta machozi, nikakumbuka kwamba nimevaa miwani ya kuzamia.

Hakurudishwa kuongoza kamwe. Alikaa kwenye chumba kile cha kompresa miaka kumi na mmoja, na kelele zake zikamla masikio. Mimi nilipata shahada, nikapata wanafunzi, na kila mwaka ninawafundisha jambo la makombe yasiyoongezeka kana kwamba nililisoma mahali fulani. Hilo nalo linanikera, na safari hii wa kukemewa ni mimi.

Makombe yenyewe yamepangwa kwenye dirisha la jikoni kwake, yamepauka kwa jua. Nilipotoka kuusoma ule ukuta nilikwenda moja kwa moja kwake, nikamweleza kwa sauti ya juu, kwanza kwa sababu hasikii vizuri, pili kwa sababu ya hasira. Wifi akaniletea maji ya kunywa.

Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Wamemchora na makombe mlangoni?"

"Hawakuchora hata mlango."

Aligeukia dirisha, akalisogeza kombe moja likae sawa na wenzake.

"Vizuri," alisema. "Basi bado hawajui anakokaa."