Mipira ya Rejeta Kabla ya Jua Kuzama

"Umeubinya mpira wangu mpaka umeutia ufa, halafu unaniambia umezeeka! Mie nikikubinya wewe shingo hivyohivyo, hutazeeka papo hapo?"

Editha alikuwa amesimama katikati ya gereji ya Eliaichi, Mbagala, mkono mmoja kiunoni, mwingine unanyoosha kidole kwenye guta lake. Lilikuwa guta la injini, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma ya kubebea mizigo, na ubavuni mwa injini rejeta yake ya maji ya kuipooza. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Mafundi wa mbao wa jirani walizima randa yao ya umeme ili wasikie vizuri, maana Editha akigombana na Eliaichi huwa ni burudani ya mtaa mzima na haina kiingilio.

Eliaichi alikuwa bado amechuchumaa. Akaushika tena mpira wa juu wa rejeta, akaubinya taratibu pale unapobanwa na klipu.

"Ufa huu sijautia mie. Upo tangu masika. Wewe ndiye uliyeufunga kilemba ili usiuone."

Kilemba hicho kilikuwa ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, alioufunga Editha mwenyewe kwa mikono yake, akavuta, akapiga fundo la mtu afungaye mzigo wa kuni.

"Kilemba hicho kimenifikisha Chanika, kikanifikisha Bunju, na kunirudisha!"

"Umewahi kubinya ndizi iliyoiva ikapitiliza? Huku juu ndivyo ulivyo. Umelegea, umevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Wa chini nao umekauka, ukiukunja unalia kama biskuti. Na ndani unatia maji gani?"

"Maji si maji?"

"Ya kisima?"

"Sasa ulitaka nilinunulie maji ya chupa? Lenyewe bibi harusi?"

"Maji ya visima vya huku yana chumvi, yanakula mpira kwa ndani. Badilisha leo, yote miwili na klipu zake. Usingoje Jumamosi. Jumamosi mimi sipo."

Hapo Editha akacheka, kicheko kile cha kumkata mtu maini. "Enhee! Sasa tumefika. Mpare kaona Mchaga ana sherehe Jumamosi, kashapiga hesabu yake. Unataka kula kabla hata wageni hawajala!"

Mafundi mbao wakapiga makofi. Eliaichi hakucheka. Alijifuta mikono kwa kitambaa, akasema polepole, "Editha, usiende Kimara na mipira hii." Kisha akarudi kwenye bajaji ya mtu mwingine.

Editha akawasha guta lake akaondoka, kwa mwendo wa mshindi.

Hao wawili lazima niwaeleze, la sivyo mtawadhania maadui. Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi za mababu, na utani wao una sheria. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako ukabaki unacheka. Anaweza kuingia msibani kwako, akanyakua kitu chako akakimbia nacho, na hukipati mpaka ukikomboe. Ndivyo alivyofanya Eliaichi alipofariki baba mkwe wa Editha. Watu wamejaa, sufuria kubwa la pilau liko motoni, Editha anakoroga huku machozi yanamtoka, mara Eliaichi huyo, kajifunga kanga kichwani, kaupokonya ule mwiko na kuuzungusha uwanja mzima akiimba kwamba marehemu alimwachia yeye urithi. Hata mjane alicheka, na alikuwa hajacheka tangu juzi yake.

"Fidia yangu sufuria zima la machalari," alitangaza Eliaichi. "Ndizi na nyama, la kwangu peke yangu. Bila hivyo mwiko ni mali ya Upareni."

"Utakula machalari yangu siku punda akiota pembe," alijibu Editha.

Punda hakuota pembe na machalari hayakupikwa. Mwiko ulining'inia gerejini, kwenye msumari juu ya pampu ya upepo, mwaka ukapita na mwingine ukaja. Nao haukuwa mwiko wa dukani. Baba mkwe ndiye aliyeuchonga kwa mti wa mninga, mrefu kama jembe, akampa Editha siku aliyoingia kwake kama bibi harusi. Editha alikuwa anautamani mpaka mkono unamwasha. Lakini kumpa mtani alichokitaka, mbele ya mafundi mbao? Bora apikie fimbo.

Na kupika ndiyo kazi yake. Alitoka Marangu akiwa msichana, akaanza na chapati nje ya shule moja ya msingi, akaja kwenye maandazi ya tenda, mwisho akafika kwenye sherehe na misiba. Zamani alikuwaga anakodi guta la watu. Madereva wakamchosha: huyu kalala, huyu kapita kwa mchumba, huyu katia mafuta ya kufika nusu ya njia. Siku moja ubwabwa wa kipaimara ulifika watoto wameshakula keki na soda na kulala. Editha akaapa. Alinunua guta lake, akajifunza kuliendesha kwenye uwanja wa mpira huku vijana wakijikusanya kumcheka, na tangu hapo mtaa mzima unamwita Mama Guta. Hajachelewa tena hata mara moja. "Chakula kikichelewa si chakula," husema, "ni kesi."

Sasa Jumamosi hiyo ilikuwa send-off, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya binti wa Mwalimu Auleria, kule Kimara. Mwalimu Auleria ni Mhaya, na alikuwa ameagiza ndizi. Kumpikia Mhaya ndizi ni sawa na kumwimbia padri misa. Zaidi ya hapo, ukumbini wangekuwepo akina mama wa kikundi kizima cha Kimara, kila mmoja na binti wa kuolewa. Ndizi zikifika moto, Editha angepata kazi mpaka Krismasi. Zikikwama Ubungo na kupoa, jina lake lingepoa nazo.

Ijumaa mchana alikuwa uani kwake akimenya ndizi na Yustina, mwanamke wa Masasi anayefanya naye kazi, mpole wa sura ila masikio yake hayalali. Editha akawa anasimulia ugomvi wa jana, anaiga sauti ya Eliaichi, anaiga hata kuchuchumaa kwake.

"...basi akaniambia, 'Editha, usiende Kimara na mipira hii.' Nikamcheka mpaka basi!"

Kisu cha Yustina kikasimama. "Alikuitaje?"

"Editha."

"Hakukuita mtani?"

Editha akaiweka chini ndizi aliyokuwa anaimenya. Miaka yote hiyo Eliaichi hajawahi kumwita kwa jina lake la ubatizo. Humwita mtani, humwita kuku wa Marangu, humwita kitu kingine ambacho hakiandikiki. Hata siku guta lilipokatika cheni mbele ya msafara wa harusi, alikuja akicheka. Na tena, jana hakuutaja mwiko. Kila akitia mguu gerejini, la kwanza ni mwiko, "lete fidia yangu," lakini jana hata jicho hakulipandisha kwenye msumari.

"Dada Editha," Yustina akasema taratibu, "mie kwetu mtani akiacha kutania, watu huwa wanakimbia."

Editha akainuka, maganda yakamporomoka mapajani. Akaenda kulipo guta, akakifungua kile kilemba chake. Chini ya ukanda ule mpira ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta, na kwenye ufa kulikuwa na ukungu mweupe. Akaugusa kwa kidole, akakiramba. Chumvi.

"Saa ngapi sasa?"

"Kumi inakaribia."

"Mungu wangu, na leo Ijumaa!"

Eliaichi ni Msabato. Jua likizama Ijumaa, spana zinaingia kabatini, hata aje nani na gari la nani, mpaka jua la Jumamosi nalo lizame. Ndiyo maana alisema Jumamosi hayupo. Editha alijua hilo kama anavyojua jina lake, ila jana alilisikia kama utani.

Alishika ufunguo, halafu akauachia. Eliaichi hafungui rejeta ya moto, hata umlilie. Ukimpelekea injini imechemka atakuambia ukae kwenye benchi mpaka ipoe, na kupoa kwake kungemaliza jua lililobaki.

"Yustina, tulisukume."

"Lote?"

"Sasa tulisukume nusu?"

Wakalisukuma. Njia ya kwao ni mchanga mtupu, na kuna kimlima pale kwenye msikiti mdogo. Kanga zilifunguka, ndala ya Yustina ikakatika. Vijana wa bodaboda kijiweni wakaamka kama walioitwa kula.

"Shikamoo Mama Guta! Leo limekugomea?"

"Marahaba! Halijagoma, nalitembeza lipunge upepo. Nanyi badala ya kuuza meno njooni msukume!"

Wawili wakaja, kweli. Mtu mwenye ulimi mkali ana faida zake.

Eliaichi alikuwa amekwisha kufagia gereji. Alipowaona wanaingia, jasho linawachuruzika na injini iko baridi kama mtungi, akaweka ufagio, akashika bisibisi. Editha naye alikuwa amejiandaa kwa lolote, amepanga na majibu matatu njiani, lakini macho yake yakapanda ukutani. Juu ya pampu ya upepo, kwenye msumari uleule wenye mwiko wake, ilikuwa imening'inia mipira miwili mipya ya rejeta ya guta, myeusi, ingali na karatasi zake.

"Hiyo umeinunua lini?"

"Jana jioni. Nilijua utakuja. Mchaga hukubali jambo baada ya kulilalia."

Alifungua maji yaliyomo, yakatoka na rangi ya chai ya hospitali. Mpira wa juu ulipotolewa, Eliaichi aliukunja mbele ya macho ya Editha, na pale chini ya klipu ukaachana kama mkate.

"Huu," alisema, "ungekupeleka mpaka Ubungo. Pale kwenye kupanda ndiyo ungekuaga."

Editha akaushika mkononi, akaugeuza, akaubinya. Jana aliutetea mpira huu kama mtoto wake.

"Sasa mtu atajuaje siku ya kuubadilisha? Maana ukiuangalia kwa mbali uko sawa tu."

"Usiuangalie, ushike. Asubuhi injini ikiwa baridi. Ukilegea, utoe. Ukikauka, utoe. Ukivimba kwenye klipu, utoe. Na siku ukijikuta unatafuta cha kuufungia kilemba, hiyo siku imeshakupita."

Wakati huo jua lilikuwa limefika kwenye mapaa ya mabati. Eliaichi akafunga mpira wa juu, akafunga wa chini, akabana klipu, akamimina ile dawa ya kijani ya rejeta iliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi. Akawasha. Wakasikiliza wote, hata Yustina mwenye ndala moja. Hapakuvuja tone. Akazima, akanawa mikono kwa sabuni, akatazama magharibi.

Editha akachomoa pesa kwenye pindo la kanga. Eliaichi akaweka mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Limezama. Sishiki pesa."

"Dakika hii hii?"

"Hii hii. Jumapili." Kisha mashavu yake, yaliyokuwa makavu tangu jana, yakaachia. "Nenda kapike, mtani."

Editha alipolisikia neno hilo, akamjibu tusi moja safi la kimila, lisiloandikika, na mafundi mbao wakawasha randa yao kwa furaha.

Jumamosi alasiri Kimara ilikuwa kama tanuri. Foleni ilianza Ubungo, gari limegusa gari. Pale kwenye kupanda, pikapu moja ilikuwa pembeni, boneti wazi, mvuke unapaa, na dereva wake anaipepea kwa kofia. Editha akampita na masufuria yake manne yaliyofunikwa majani ya mgomba. Hakumcheka. Alimpungia tu, kwa huruma ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Alifika kabla hata mshereheshaji hajapata maiki. Mwalimu Auleria akaonja kijiko kimoja, akafumba macho.

"Hizi kapika mtu wa Bukoba."

"Kapika mtu wa Marangu, Mwalimu. Bukoba mlituibia."

Kabla keki haijakatwa, akina mama wawili walikuwa wamekwisha kuchukua namba yake ya simu.

Jumapili baada ya kanisa guta liliingia gerejini limebeba sufuria moja tu. Editha alimlipa Eliaichi mipira yake na kazi yake, pesa mkononi, bila kuomba punguzo, jambo lililowafanya mafundi mbao waulizane kama anaumwa. Kisha akafunua sufuria. Machalari. Ndizi laini, nyama ya ng'ombe yenye mifupa, mvuke wake ukaifukuza harufu ya oili gereji nzima.

Eliaichi akachungulia, akaingiza kidole kupima kina. "Sufuria lenyewe si kubwa."

"Na tumbo lenyewe si pipa! Toa mwiko wangu."

Akauteremsha. Editha aliupokea kwa mikono miwili, akitegemea vumbi na grisi. Ulikuwa unang'aa. Akaunusa: mafuta ya nazi.

"Nilikuwa naupaka kila mwezi," Eliaichi akasema, akitazama pembeni. "Mti nao ukiachwa ukakauka, unapasuka. Mzee aliuchonga vizuri."

Editha akautumbukiza mwiko wa baba mkwe kwenye sufuria, akachota pande kubwa la nyama na ndizi mbili, akamwekea mtani wake kwenye sahani, kwa adabu, kama mgeni.

"Nimekomboa?"

"Umekomboa. Hunidai, sikudai." Eliaichi alitia tonge mdomoni, akatafuna, na mkono wake wa kushoto ukaanza kutambaa kimyakimya kuelekea kwenye sikio la sufuria.

Mwiko ukatua juu ya vidole vyake.