Mwaka Bibi Aliponyamaza

Juzi nilirudi Nandagala, Ruangwa, kumwuguza bibi yangu. Tangu augue, Kiswahili kimemtoka chote. Amebaki na Kimwera tu, na mimi, mjukuu niliyelelewa kwa mikono yake, simwelewi. Wewe rafiki niliyekula nawe mabibo ya mikorosho utotoni mpaka koo zikatukereketa, hebu niambie, haya nayo ni maisha?

Nilikuwa nakielewa, wallahi. Jioni bibi alichoma korosho kwenye bati, moshi ukitutoa machozi, huku ananisimulia hadithi za sungura kwa Kimwera. Mimi nabangua, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, na kila akivuta pumzi naitikia, "Eee." Usipoitikia, bibi anakatiza hadithi na hasemi tena mpaka kesho. Ming'oko, vile viazi vya porini, inachemka jikoni, yeye anacheka mwenyewe kabla hajafika penye kuchekesha. Alikuwa msemaji yule mama!

Nilipoanza shule nikawa najibu maswali kwa Kimwera. Mwalimu akaja nyumbani, akakaa mkekani, akasema kwa upole tu, "Bibi, ukitaka huyu afaulu, mwongeleshe Kiswahili. Kilugha kinamrudisha nyuma."

"Haya, mwalimu. Mie nataka asome."

Kiswahili cha bibi kilikuwa cha sokoni: salamu, bei na pole. Kuanzia jioni ile akachoma korosho kimya, hadithi ya sungura ikabaki katikati. Njoo. Kula. Lala. Nilidhani amenichukia, nikawa nalia nimejifunika kanga yake.

Nikafaulu, nikaenda sekondari Nachingwea. Getini kuna kibao: hapa ni Kiingereza tu. Kiswahili kilekile kilichomnyamazisha bibi yangu, ukikiongea unafagia uwanja. Mpaka leo nikikumbuka nashikwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Anayeshinda na bibi sasa ni jirani, mama wa Kisukuma. Walipohamia na ng'ombe wao alikuwa hajui mtu, bibi akamfundisha Kimwera wakipepeta ufuta pamoja. Yeye hakuna mwalimu aliyemkataza.

"Dada, anauliza huyu mgeni ameshakula?" jirani akaniambia.

Mgeni!

"Mwambie ni mimi, mjukuu wake."

Akamwambia. Bibi akanitazama, uso ukamchangamka, akasema maneno mengi kwa mkupuo.

"Anasema sasa umeshamaliza shule, hakuna wa kukugombeza. Anataka akumalizie ile hadithi ya sungura."

Jirani alitafsiri kidogo, kisha ng'ombe wakaanza kulia zizini, akaondoka kwenda kukamua. Bibi hata hakugundua. Aliendelea kusimulia, anacheka mwenyewe, sauti ndogo, macho kwangu. Hiyo ndiyo lugha niliyoanza nayo kuongea, na sikuambulia hata neno.

Nikamshika mkono. Kila alipovuta pumzi niliitikia, "Eee," asije akakatiza.