Koti la Waziri

Jumanne nilikuwa kwa fundi cherehani hapa Tukuyu alipoingia ofisa kijana kutoka Dar es Salaam, amelowa chapachapa. Waziri wake anasafiri Jumamosi kwenda Ulaya kwenye theluji, na Dar nzima amekosa koti zito. Akatoa karatasi ya vipimo.

"Mimi sishoni karatasi, bwana. Nashona mtu," fundi alisema.

Sote tukamgeukia mama mmoja mnene aliyefuata blauzi yake. Fundi akampima. Kifua sawa, na tumbo halikupishana na la waziri hata nusu inchi.

"Kumbe serikali inakula kama mimi," mama alisema, akinyoosha mikono.

Kesho yake nilirudi makusudi. Mama alilivaa koti, akainama kuokota chaki, mshono wa mgongoni ukaanza kuachia. Fundi akaushona upya, lakini kitambaa cha kuongeza hakikuwepo. Ofisa akashika kichwa.

"Kazi sina tena, mama."

"Tulia, mwanangu. Mwambie asiiname."

Ofisa akaandika.

Juzi magazeti yalimsifu waziri wetu kwa kusimama wima mbele ya mfalme wa huko Ulaya, kama mjumbe wa taifa huru lisiloinamia mtu. Nami nikapumua. Tangu Jumamosi nilikuwa nauombea ule mshono.